Baba alikuwa anasimamisha picha kabla stelingi hajafa. Sasa mama anataka kuiona tena, nifanyeje?

Mwana wa Mikindani ameandika:

Habari zenu wakuu. Nipo hapa Mikindani, na naomba mnivumilie maana jambo lenyewe haliishi kwa mistari miwili.

Baba yetu alifariki mwaka huu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mama katoka eda wiki mbili zilizopita. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na miaka ya tisini alinunua deki kwa hela ya korosho za shamba la babu. Kila Jumamosi baada ya isha alitandika mikeka barazani, watu wakajaa mpaka uani. Hakuchukua senti ya mtu. Alikaa kwenye kigoda pembeni ya TV akawa anatusimulia kila kinachosemwa. Kihindi hakukijua, lakini picha zenyewe alikuwa ameshaziona Dar es Salaam enzi za chuo.

Picha ya mama ilikuwa Sholay, ile ya 1975. Kwa wasioijua: Jai na Veeru, yaani Amitabh Bachchan na Dharmendra, ni wezi wawili. Thakur, polisi wa zamani, anawakodi wamkamate jambazi Gabbar Singh aliyeua ukoo wake na kumkata mikono yote miwili. Mama bunduki hazikumhusu. Yeye alimsubiri Radha, mkwe wa Thakur, mjane kijana mwenye nguo nyeupe. Kila jioni Radha anapita barazani kuzima taa moja moja, na Jai kakaa ng'ambo ya pili anapuliza kinanda cha mdomo. Hawasemezani. Hapo mama alikuwa anauweka chini ukili aliokuwa anasuka.

Basanti, mpenzi wa Veeru aliyetekwa na Gabbar, akishaokolewa, wakapanda farasi na kutoka mbio kambini kwa Gabbar, baba anabonyeza kitufe. "Kanda imeishia hapa." Halafu anamalizia kwa mdomo: jambazi akashikwa, Veeru akamwoa Basanti, Jai akamwoa Radha, Thakur akachinja ng'ombe wawili, haya tukalale.

Mwisho huo nimeishi nao zaidi ya miaka 20. Mwezi uliopita nimepata picha nzima kwenye flashi, nikaiangalia peke yangu usiku. Wakuu, Jai anakufa. Anabaki nyuma darajani kuwazuia majambazi ili wenzake wapone, anafia mikononi mwa Veeru, na Radha kasimama anatazama. Mara ya mwisho tunamwona Radha yuko dirishani. Analifunga.

Nilishindwa kulala. Asubuhi nikafungua sanduku la baba, kanda ipo. Kwenye ganda lake, kwa kalamu ya bluu, mwandiko wake ule ule wa ubaoni: "Daraja. Simamisha." Neno la pili kalipitishia kalamu mara mbili.

Sasa mama kaniomba Jumamosi tumwekee "picha ya Radha". Projekta nimeshaazima, shuka jeupe lipo. Dada yangu anasema nisimamishe pale pale alipokuwa anasimamisha baba. Kaka yetu aliyeko Lindi anasema mama ni mtu mzima, iende mpaka mwisho. Mimi nipo katikati. Nyie mlioangalia picha hizi na wazazi wenu mnanishauri nini?

Banda la Masasi:

Pole sana kwa msiba, mkuu.

Sheria ya banda sote tunaijua: stelingi hafi. Akipigwa risasi, ya bega. Mimi nimekulia kwenye mabanda ya video, na siku Jai alipokufa kwenye banda la mtaani kwetu wazee wawili walimfuata mwenye banda wakidai kiingilio chao. Waliamini kanda imechezewa. Mtu ametazama saa tatu nzima, kampenda kijana wa watu, halafu unamuulia mbele yake! Ile picha kwangu ni namba moja mpaka leo, Gabbar hajatokea adui mwingine wa kumfikia, ila kile kifo sijawahi kukikubali.

Mzee alimjua mkewe kuliko sisi wote humu. Simamisha darajani.

Msema Kweli wa Nachingwea:

Msimfiche mama yenu kitu. Mtu kazika mume, mnamwogopesha na kifo cha kwenye shuka?

Shamba la Tandahimba:

Namuunga mkono Msema Kweli, na nina ushahidi wa nyumbani. Mama yangu nilimwekea Mother India, ile ya 1957 ya Nargis. Mume anapondwa mikono na jiwe, anaondoka asirudi, mwanamke anabaki na watoto na deni la Sukhilala, mkopeshaji wa kijiji. Mama alipomwona Sukhilala anakuja kuchukua mavuno akasema, "Huyu ni wa kangomba." Hakuhitaji mtafsiri. Watu wa korosho tunamjua mtu anayekupa hela ya ada mwezi wa sita halafu mwezi wa kumi anakuja kubeba magunia kwa bei anayoitaka yeye.

Mwisho wa picha ile yule mwanamke anampiga risasi mwanawe wa kumzaa, kwa sababu kijana kamteka binti wa watu siku ya harusi. Mimi niligeuza uso. Mama yangu hakugeuza. Akakaa kimya mpaka taa zikawashwa, akasema, "Amefanya haki, lakini hatalala tena." Siku tatu baadaye bado anaizungumzia shambani. Wazee wetu wanabeba mazito kuliko tunavyodhani, ndugu yangu. Ningekuwa nimekata kile kipande ningemnyima picha yenyewe.

Bi Hidaya Kivinje:

Mwanangu, pole. Mimi nakuandikia kama mjane, mwaka wa nne huu.

Nilipokuwa bado na uchungu, wanangu waliificha Neria, ile ya Zimbabwe. Walijua inahusu nini: mume anakufa kwa ajali, shemeji anakuja kubeba mpaka vyombo, mwanamke anakwenda mahakamani. Jirani akaja nayo bila kujua imefichwa. Nililia, ndiyo. Lakini nililia nikiwa nimekaa wima, maana niliona kumbe haya siyo yangu peke yangu. Nikawauliza wanangu kwa nini walinificha, wakakosa jibu. Kilichoniuma ni kwamba walikaa kikao kunihusu na mimi sikuitwa.

Hiyo Titanic nayo watu walinikataza, kwa sababu kaka yangu alipotea baharini. Sehemu ya meli kuzama nilitoka nje, siwezi kusema uongo. Nikarudi mwishoni. Yule bibi kizee kalala, pembeni ya kitanda zimepangwa picha zake za ujana: kapanda farasi, kasimama na ndege. Nikaelewa kwamba baada ya maji yale aliishi. Watu wanaisifia kwa mapenzi ya wale vijana. Mimi naisifia kwa zile picha za pembeni ya kitanda.

Kwa hiyo acheni kupiga kura, wewe na dada yako na kaka yako. Mweleze mama kabla picha haijaanza. Mwambie kuna kipande baba alikuwa anakikata, kisha achague yeye.

Fundi Deki:

Mkuu, niongeze kitu kuhusu mwisho wa Sholay maana nimeifuatilia sana. Usimwone mzee wako kama aliyeharibu kazi ya watu. Hata waliotengeneza hawakupata mwisho wao. Mwongozaji, Ramesh Sippy, alirekodi Thakur akimuua Gabbar kwa miguu, kwa vile viatu vya misumari. Mwaka ule India ilikuwa chini ya Hali ya Hatari, bodi ya ukaguzi ikakataa polisi mstaafu aonekane anajichukulia sheria mkononi. Wakalazimika kurekodi upya: polisi wanafika, Gabbar anakamatwa. Ndiyo hiyo tuliyoiona wengi.

Halafu ilipotoka, siku za mwanzo watu walikuwa wachache, na wenyewe wakajadiliana kama wamfufue Jai, warekodi mwisho ambao anapona. Kabla hawajafanya hivyo watu wakaanza kufurika. Kule Bombay ikakaa kwenye jumba la Minerva zaidi ya miaka mitano. Kwa maneno mengine, mwisho wa baba yako ulishawahi kuwazwa na wenye picha wenyewe.

Ushauri wa kiufundi: shuka lifunge chini pia, upepo wa pwani utakusumbua. Na spika weka mbele kwa watu, usiweke kwenye projekta, la sivyo kinanda cha Jai hakitasikika.

Mwana wa Mikindani:

Fundi, hilo la kumfufua Jai sikulijua kabisa. Nimemsomea dada yangu, akalia.

Bi Hidaya, shikamoo. Umenigusa pale uliposema kikao. Ni kweli tumekaa kikao cha simu watatu na mama yuko chumba cha pili. Nitamweleza.

Binti wa Newala:

Kaka, kabla hujakaa naye, chukua na hili. Yule Radha ni Jaya Bhaduri, na Amitabh ni mumewe wa kweli. Walioana 1973, miaka miwili kabla picha haijatoka. Kwenye picha hawagusani hata mkono, kumbe nyumbani ni mke na mume. Bibi yangu nilipomwambia aliomba tuirudie sehemu ya taa, na mara hii aliitazama akiwa anatabasamu.

Mimi kwa maoni yangu ile sehemu ya taa inazidi mapigano yote ya Gabbar. Watu wanakariri maneno ya Gabbar, sawa, lakini pale hakuna aliyesema neno na kila mtu barazani anaelewa.

Banda la Masasi:

Binti wa Newala umenishinda. Nabadilisha kura yangu: iende mpaka mwisho, lakini hilo la ndoa aambiwe.

Mwana wa Mikindani:

Wakuu, nimerudi na majibu kama nilivyoahidi.

Nilimweleza mama Ijumaa baada ya chakula, nikampa na ganda la kanda. Alisoma mwandiko polepole kwa kidole. Akauliza, "Kwa hiyo Radha hakuolewa?" Nikamwambia hapana. Akauliza tena, "Na ng'ombe?" Nikamwambia ng'ombe pia hawakuwepo. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema, "Mume wangu yule! Ng'ombe wawili!" Kisha akasema iwekwe yote.

Jumamosi walikuja majirani, na watoto ambao hawakumkuta baba. Nilijaribu kusimulia, nikawa nachelewa, maneno hayaji. Mama akachukua. Anaijua picha nzima kwa sauti ya baba, hata pale baba alipokuwa anakosea majina. Tulipofika darajani alinyamaza, na mimi sikuthubutu kusema kitu. Ukawa ni mlio wa picha tu mpaka dirisha likafungwa.

Nikampa simu, nikamwonyesha Amitabh na mkewe walivyo sasa, wana mvi. Akaitazama muda mrefu, akaikuza kwa vidole kama nilivyomfundisha. "Amezeeka vizuri," akasema. Ganda la kanda hakunirudishia, kaliweka kwenye sanduku lake la kanga.

Asubuhi kauliza Jumamosi ijayo tunaangalia nini. Nimemsimulia aliyoandika Bi Hidaya, anataka hiyo ya meli, na anataka zile picha za pembeni ya kitanda azione vizuri. Mwenye nakala safi, isiyo na giza, naomba tuwasiliane. Yupo muuzaji mmoja wa mjini aliniuzia flashi ambayo picha inaganda kila baada ya dakika kumi, sitaki mama akwamie katikati ya bahari.