Sambaza zinamwangalia

Mama Furaha, Bukavu:
Jumamosi tulifungua divai nyeupe ya Afrika Kusini, Chenin Blanc, baridi kabisa, tukala na sambaza za kukaanga, vile visamaki vya Ziwa Kivu. Uchachu wa divai unakata mafuta kama ndimu, nilifurahi sana. Lakini mtoto wangu wa miaka 5 alisukuma sahani: "Mama, zinaniangalia." Akala bugali butupu. Nimpikie chungu chake? Inaniuma.

Baba Amani, Goma:
Hapana dada, chungu kimoja. Toa vichwa, umwache apakaze unga mwenyewe. Wangu alianzia hapo.

Koko wa Kadutu:
Na usimlazimishe, mwanangu. Sombe yangu, majani ya muhogo, watoto walikuja kuizoea polepole.

Mama Furaha:
Leo ametoa vichwa mwenyewe, unga mpaka puani. Amekula mbili. Ya tatu ameilamba chumvi tu.