Tumeuziwa picha ya Aprili, tukapelekwa Oktoba: Mosi-oa-Tunya upande wa Zambia tumekuta mwamba mkavu

Wakuu, hii si hasira ya jana. Nina wiki ya pili tangu nirudi, na wakala aliyetupeleka nimempigia simu mpaka ameacha kupokea. Naiweka hapa ili mwingine asipigwe kama nilivyopigwa mimi.

Nilidunduliza miaka miwili ili nimpeleke mama yangu kwenye Maporomoko ya Victoria. Ana miaka 67, magoti yameanza kumkataa, na tangu akiwa msichana alikuwa akisikia habari za hayo maji. Jina lenyewe, Mosi-oa-Tunya, Mswahili anaambulia nusu yake bila mkalimani: moshi unaonguruma. Wakala alinitumia picha ya pazia zima la maji, upinde wa mvua katikati, watu wamelowa chapachapa ndani ya makoti ya mvua. Kwenye orodha ya vitu vya kubeba akaandika koti la mvua na mfuko wa nailoni wa kufungia simu. Tukabeba. Safari akaipanga mwishoni mwa Oktoba, mjini Livingstone.

Oktoba kule ni joto la kukausha koo. Tulipita njia ya vichakani, mama akipumzika kila baada ya hatua chache, mpaka kwenye daraja la miguu liitwalo Knife-Edge. Maji yakiwa mengi, hapo unavuka huku umenyeshewa utadhani ni masika. Sisi tulilikuta kavu, vumbi juu. Mbele yetu ukuta wa mwamba mweusi, juu yake vijito vya kuhesabika kwa vidole. Mama akashika chuma cha daraja, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akaniuliza taratibu: "Baba, moshi wenyewe uko wapi?"

Sikuwa na la kumjibu. Kwa mbali, upande wa Zimbabwe, ukungu mweupe ulikuwa unapanda.

Kijana aliyetuongoza pale (huyo sina ugomvi naye, alikuwa mkweli tangu mwanzo) akatueleza kwamba kila mwaka ndivyo ilivyo. Zambezi hufurika kati ya Machi na Mei, kilele kikiwa Aprili, kwa sababu mvua za Angola na za kaskazini magharibi mwa Zambia huchukua muda kushuka, zinatanda kwanza kwenye mbuga za Barotse. Ikifika Oktoba na Novemba mto uko chini kabisa. Halafu kingo za maporomoko hazilingani kimo. Ya upande wa Zambia iko juu zaidi, kwa hiyo maji yakipungua huku ndiko kunakokauka kwanza, na kituo cha umeme nacho huchota maji yake juu ya maporomoko upande huohuo. Upande wa Zimbabwe, sehemu za maporomoko ziitwazo Main Falls na Devil's Cataract hazikauki, na mbele yake ndipo penye ule msitu wa mvua unaoishi kwa manyunyu.

Kwa hiyo wakala msimtetee kwa ukame. Anauza safari hizi kila mwaka. Alijua mwezi, alijua upande, na bado akaniandikia nibebe koti la mvua.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba tungeweza kuokoa siku. Kati ya nchi hizo mbili kuna daraja la mwaka 1905, unavuka kwa miguu. Nikampigia nimwambie tuvuke, gharama nitaongeza mwenyewe. Akajibu Zimbabwe haimo kwenye ratiba. Pasipoti zetu alikuwa amezikusanya asubuhi "kwa usalama", ziko nyumba ya wageni, na gari la kurudi linaondoka alfajiri. Mama alikaa kwenye jiwe dakika kama ishirini akitazama ule ukungu wa ng'ambo. Hakulalamika hata neno moja, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Niliporudi nikadai nusu ya fedha. Jibu lake, ninalo kwenye simu: "Maji ni ya Mungu, sisi tunauza usafiri." Hapana! Ungeuza usafiri usingeweka picha ya maji. Ungeniambia "Oktoba nenda Zimbabwe, au subiri Aprili", ningesubiri. Na hata Aprili ana wajibu wa kusema ukweli, maana manyunyu yakizidi unaweza kusimama mbele ya maporomoko usione kitu zaidi ya weupe. Kuna watu wangependa hivyo, mama yangu mmojawapo.

Nina risiti, ile orodha ya vitu vya kubeba na picha aliyonitumia. Aliyewahi kudai wakala wa utalii akarudishiwa chochote aniambie alianzia ofisi gani. Na kama kuna mtu amevuka lile daraja akiwa na mzazi mwenye magoti mabovu, naomba anieleze mwendo ukoje. Aprili tunarudi, safari hii tunajipeleka wenyewe.