Waandishi wa vichekesho vya "Mimi ni Kifo", mnatuharibia mhusika bora kuliko wote

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa hasira na sitaupunguza makali. Kila ukifungua simu siku hizi unakutana na kichekesho kilekile. Mtu kavaa joho jeusi, uso kaupaka unga, mkononi ana mti wenye bati lililokunjwa, anaanza: "Mimi ni Kifo. Mnaniogopa bure." Baada ya hapo ni dakika tatu za kutisha watu, utani mmoja wa mama mkwe, kicheko cha kurekodiwa, basi. Mhusika huyu amechekesha watu kwa ufundi kwa zaidi ya miaka 500, halafu ninyi mnamleta jukwaani hana cha kufanya!

Kifo akijisimulia anachekesha kwa sababu moja: ni mtumishi. Kuna aliyemtuma, kuna saa inayomkimbiza, kuna vifaa vinavyomsumbua, na hana ruhusa ya kubadilisha hata jina moja kwenye orodha. Mkimpa uwezo wote, achague wa kumchukua, asamehe anayemtaka, achelewe akipenda, kichekesho kimekufa hapohapo. Nani atamcheka bosi asiye na bosi?

Tuanze na hilo bati, maana linaonyesha mlivyo wavivu. Chombo anachobeba Kifo katika picha za Ulaya si mundu, wala si fyekeo letu la uwanja wa shule. Ni chombo cha kukatia majani na ngano ukiwa umesimama wima. Mpini wake ni mrefu, mita moja na nusu hivi, mara nyingi una vishikio viwili, na ubapa wa chuma wa sentimita 60 hadi 90 umefungwa chini kabisa ya mpini. Chuma kinalala sambamba na ardhi. Makali yako upande wa ndani wa upinde. Mkataji anazungusha kiuno, chuma kinapita chinichini kutoka kulia kwenda kushoto kwa nusu duara, majani yanaangukia kushoto kwa mstari. Ninyi mnakisimamisha kama bendera, makali yanaangalia mawingu, kisha mnakipiga kwa juu kama shoka! Mwaka 1794 wakulima wa Poland walikigeuza chuma kikasimama wima na kwenda nacho vitani Racławice, lakini hapo kilikuwa mkuki, hakikuwa tena chombo cha shamba. Chagueni basi: Kifo wenu ni mvunaji au ni askari?

Mtasema mtazamaji wa Mbagala hajali. Atajali, kwa sababu kicheko kimo humo humo kwenye ufundi. Chuma kile hakikati bila kunolewa. Mkataji anatembea na kinoo kiunoni ndani ya pembe ya ng'ombe yenye maji, na kila baada ya dakika tano hivi anasimama ananoa. Kwa aina nyingi za Ulaya bara, makali yakishakuwa mazito, inabidi akae chini, aweke chuma juu ya fuawe dogo na kukigonga kwa nyundo mpaka kiwe chembamba tena. Sasa mwekeni Kifo katika hali hiyo. Amefika kitandani kwa mzee, wanandugu wamejipanga, mzee ameshaaga na kugawa mashamba, Kifo anapunga mara ya kwanza, hakikati. "Samahani wazee, nipeni dakika." Anatoa kinoo. Kwa muda huo mzee anaanza kubadili mawazo kuhusu lile shamba la Kibaha. Hiyo ni dakika nzima ya kuchekesha na hakuna aliyetukanwa. Mmeitupa kwa sababu hamkutaka kujua bati linafungwaje.

La pili linaloniudhi zaidi: mnamcheka nani? Tazameni walioanza kazi hii. Ukutani kwenye makaburi ya Watakatifu Wasio na Hatia jijini Paris, mwaka 1424 hadi 1425, ilichorwa ngoma ya wafu: maiti anamshika mkono Papa, anayefuata anamshika Mfalme Mkuu, kisha kadinali, mfalme, wanashuka kwa cheo hadi mkulima na mtoto mchanga. Ukuta ulibomolewa 1669 lakini mpango ule ulishaenea kote. Hans Holbein akaja kuchora picha ndogondogo za kuchonga kwenye mbao, zikachapishwa Lyon mwaka 1538. Ndani yake kila mtu anapata Kifo wake. Abate, mkuu wa monasteri, amenyang'anywa kofia na fimbo ya cheo, Kifo kavaa yeye na anamburuta mwenyewe kwa joho. Tajiri yuko kwenye sanduku lake la pesa, Kifo anazoa pesa mezani. Daktari analetewa mgonjwa mzee, na aliyemleta ni Kifo, tena kamshikia na chupa ya mkojo ili daktari apime! Mnajimu anatazama tufe la nyota, mbele ya uso wake ananyooshewa fuvu. Halafu fika kwa mkulima. Kwa mkulima, Kifo anakimbia kando ya farasi wa kulimia akiwahimiza, jua linazama nyuma ya kanisa. Kwa mnyonge yule Kifo amegeuka msaidizi wa shamba.

Mmeona utaratibu? Utani mkali unapanda juu, ukishuka chini unalainika. Ninyi mmeupindua. Vichekesho vyenu vimejaa bodaboda, mama ntilie na mgonjwa wa wodini asiye na hela ya dawa. Waziri, mchungaji mwenye ndege na mwenye nyumba anayepandisha kodi hawaguswi. Huo ni woga, na hadhira inaunusa.

Na sasa nifike kwenye jambo linaloniwasha kuliko yote. Mnaagiza joho kutoka ng'ambo wakati jirani tu hapo, Buganda, yuko Walumbe, Kifo mwenye kisa kinachochekesha na kuuma kuliko mifupa yote ya Ulaya. Kisa chenyewe kwa ufupi, maana inaonekana wengi hamkijui.

Kintu aliishi peke yake na ng'ombe wake mmoja. Nambi, binti wa Ggulu wa mbinguni, akampenda. Ggulu akamtahini: ale chakula cha umati mzima, apasue mwamba kwa shoka, alete mtungi wa umande, amtambue ng'ombe wake katikati ya makundi. Kafaulu. Ggulu akawaambia ondokeni alfajiri, msirudi nyuma hata mkisahau kitu, maana Walumbe, kaka yake Nambi, akijua atawafuata. Njiani wakakumbuka ulezi, ile nafaka ya kulisha kuku, umesahaulika. Wasimulizi wengine humtaja Nambi kuwa ndiye aliyerudi, wengine Kintu. Vyovyote, aliyerudi alikutana na Walumbe, na Walumbe akaja naye duniani. Watoto walipozaliwa, Walumbe akaomba mmoja awe mpishi wake. Kintu akakataa. Akaomba tena, akakataliwa tena. Watoto wakaanza kufa.

Ggulu akamtuma Kayikuuzi, ndugu mwingine, akamkamate Walumbe. Walumbe akazama ardhini, Kayikuuzi akachimba, huyu akazama mbele, yule akachimba. Mashimo ya Ttanda, wilaya ya Mityana, magharibi mwa Kampala, yanasemwa ndiyo alama za ukimbizano huo hadi leo. Mwishowe Kayikuuzi akaagiza: watu wote wakae ndani, wasitoe mifugo malishoni, na yeyote atakayemwona Walumbe asipige kelele. Watoto wakatoka na mbuzi, wakamwona, wakapiga mayowe. Walumbe akarudi chini. Kayikuuzi akachoka, akarudi kwao mbinguni.

Mnaona mlichonacho mkononi? Huyu Kifo ni mjomba! Ana shemeji asiyempenda, dada aliyetoroka harusini, na dai ambalo kila ukoo wa Afrika Mashariki unalielewa. Akisimama mbele ya watu na kusema habari zake, hahitaji joho. Avae kanzu na koti, akae kwenye kiti cha plastiki kama yuko kwenye kikao cha ukoo, na aseme hivi:

"Dada yangu kaolewa. Nimejulia wapi? Kwenye ulezi wa kuku. Baba yangu mzazi kawaambia waondoke gizani ili mimi nisijue. Mimi! Kaka wa bibi harusi! Nikasema sawa, sina kinyongo, nikawafuata kwa miguu. Nimefika, nimekuta wajomba... samahani, nimekuta wapwa wamejaa uwanja mzima. Nikaomba mmoja. Mmoja tu, anipikie. Shemeji ananiuliza, 'Mzee Ggulu akija kutazama wajukuu nitamwambia nini?' Mwambie wamekwenda kwa mjomba! Kwani kwa mjomba si nyumbani?"

Msomeni taratibu muone kazi ilivyo. Mjomba anaongea kwa malalamiko, hangurumi. Akinguruma mmeua kila kitu, kwa kuwa mtu anayenguruma hajioni kuwa ameonewa. Baada ya maneno ya mpishi ndipo watoto wanapoanza kufa, na hapo wengi watateleza. Hapo hapachekeshwi. Sentensi moja fupi, isiyo na mapambo, "Basi nikaanza kuwachukua," kisha kimya cha sekunde tatu kamili. Msijaze kimya hicho kwa ngoma. Ndipo mnaingia kwenye mashimo, hadhira inapumua, na kicheko kinarudi kwa nguvu maradufu.

Lile agizo la kutopiga kelele lisemwe mara tatu kabla halijavunjwa: Kayikuuzi aliseme kwa wazee, aliseme kwa akina mama, aliseme kwa watoto. Mkilisema mara moja, mayowe ya watoto yatapita kama jambo la kawaida. Na mwisho ni pale Kayikuuzi anapokung'uta udongo na kwenda zake. Aliyetumwa na mbingu kumkamata Kifo amechoka! Msiongeze salamu wala "tuishi vizuri ndugu zangu".

Upande wa msiba wenyewe mnakosea hadi aibu. Kazi ya Kifo inaishia roho inapotoka. Sasa inakuwaje yeye ndiye analeta cheti cha kifo kitandani? Tanzania Bara kwanza kuna kibali cha mazishi, halafu kifo kinatakiwa kisajiliwe ndani ya siku 30, na cheti kinatoka kwa msajili chini ya RITA, wakala wa serikali wa usajili. Kama mnataka Kifo akutane na ofisi, mpangeni foleni pamoja na mjane, aambiwe nakala ya kitambulisho haionekani vizuri. Na mkionyesha maziko ya Kiislamu, sanda ni vipande 3 kwa mwanamume na 5 kwa mwanamke. Kuna kichekesho kimoja kinazunguka ambapo marehemu anaitwa Alhaji na amelazwa kwenye jeneza na suti na tai. Nani aliwashauri?

Methali mnazo bure kabisa na hamzigusi. "Kufa kufaana": mpeni Kifo mistari minne kuhusu hiyo, kwamba mwenye turubai kapata, mwenye viti kapata, mpishi wa ubwabwa kapata, shemeji kapata pikipiki, na yeye aliyefanya kazi hajaambiwa hata karibu ule.

NYONGEZA, kwa waliojibu.

Mkuu uliyeandika "tumuite tu Israili, watu watamwelewa haraka": hapana, na nakuomba sana usifanye hivyo. Malaika wa mauti yumo katika Qurani, Sura ya 32 aya ya 11, amekabidhiwa kazi hiyo na Mola wake. Kwa mamilioni ya wasomaji wa Kiswahili huyo ni sehemu ya imani, hakai kwenye kiti cha plastiki kulalamikia mahari. Mwite Kifo, au mwite Walumbe na uheshimu asili ya kisa cha Waganda. Ukichanganya majina utapata ugomvi, na ugomvi huo utakuwa halali.

Dada uliyesema watu wenye msiba wataumia: uko sahihi, na hiyo ni hoja ya ufundi pia. Msitaje ugonjwa ulio kwenye habari wiki hiyo, wala ajali ya basi iliyotokea juzi, wala jina la marehemu yeyote. Kisa cha Walumbe kina faida hii: ni cha zamani sana, hakuna kaburi bichi ndani yake.

Mdogo wangu unayeuliza urefu: kwa dakika tatu andika maneno 350 hivi, usizidi. Ukifika 500 utaanza kukimbia, na Kifo anayekimbia maneno anaonekana ana wasiwasi. Kimya zihesabu ndani ya muda.

Na kwa kikundi mliosema joho na bati mmeshavinunua, hamwezi kuvitupa: basi fungueni waya mlioufungia bati kwenye mti. Lazeni bati liwe chini ya mpini, ncha ielekee kushoto kwa anayelishika, upinde wa ndani umwangalie yeye. Badala ya bati, mkate boksi gumu na kulipaka rangi ya fedha kama jukwaa liko karibu na viti vya mbele. Msumari mmoja hautoshi, wekeni miwili, sentimita tano kutoka mmoja hadi mwingine, la sivyo akilipunga mara ya kwanza litazunguka na kumpiga yeye mwenyewe gotini.