Ghala la ngano ya Ukraine Kilindini: mimi nakubali, ila kwa sharti

Wenzangu, suala la ghala hili tusilimalize kwa kelele. Septemba 2023, Rais Ruto na Rais Zelensky wa Ukraine walipokutana New York, walizungumzia Mombasa kuwa kituo cha nafaka ya Ukraine kwa Afrika Mashariki. Wanaounga mkono wasema unga utashuka bei. Wanaopinga wasema twajitia katika ugomvi usiotuhusu.

Ulishatuhusu. Mwaka 2022, vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza, mama ninayenunua mahamri kwake Majengo hakupandisha bei. Hamri lilibaki shilingi kumi. Ila duara alilokuwa akilikata vipande vinne akaanza kulikata sita, na tui likawa jepesi, kama maji ya kuoshea nazi. Watoto wa shule walinunua moja lile lile, wakaenda darasani na njaa.

Sasa tazameni njia. Meli ikitoka Odesa, bandari ya Ukraine, yapita Bahari Nyeusi, Suez, kisha Bahari ya Shamu. Julai 17, 2023 Urusi ilijitoa katika mkataba wa kupitisha nafaka Bahari Nyeusi. Novemba mwaka huo huo Wahouthi, waasi wa Yemen, wakaanza kushambulia meli Bahari ya Shamu, nyingi zikalazimika kuzunguka Afrika Kusini. Ghala halifupishi safari hiyo hata kidogo. Kitakachotufaa ni ngano iliyokwisha kushushwa, imelala hapa siku njia inapofungwa.

Basi sharti langu ni hili: sehemu ya ngano hiyo iandikwe kuwa akiba, na amri ya kuifungua iwe ya Kenya. Bila hivyo sisi ni mabawabu tu, twalinda mali ya watu.

Na tusitegemee urafiki. Urusi ilipojitoa, Katibu wetu wa Mambo ya Nje, Korir Sing'Oei, alisema ni kuchomwa kisu mgongoni. Siku 10 baadaye, huko St. Petersburg, Putin aliahidi nafaka ya bure kwa nchi sita za Afrika. Kenya haikuwamo. Kesho Ukraine nayo yaweza kuchagua marafiki wake.

Wa "tulime wenyewe" nawasikia, na nawaheshimu. Lakini ngano ya Narok na Uasin Gishu haitutoshi, na mbolea nayo twaishusha bandarini hapa hapa.

Mlio bandarini na kwenye vinu vya unga, hebu tuambieni: meli zikikatika leo, ngano iliyopo yatufikisha siku ngapi?