Nusu kichwa, bei kamili! Huyu kinyozi wa Likoni anatuonaje sisi wageni?

Mikono bado inatetemeka, nikikosea herufi mnisamehe.

Nimetoka sasa hivi kwa yule kinyozi wa ng'ambo ya feri. Simtaji, mnamjua wote, yule mwenye kioo kilichopasuka pembeni na redio isiyozimwa. Nimenyolewa upande wa kulia. Wa kulia TU. Umeme ukakatika, mashine ikanyamaza katikati ya utosi. Akaikung'uta mara mbili, akanivua shuka, akanyoosha kiganja: "Mia na hamsini."

Nikamwambia, kaka, nusu bado. Akanijibu: "Kwani una vichwa viwili? Kichwa ni kimoja, bei ni moja."

KICHWA NI KIMOJA! Ananiambia mimi, na nywele zimenijaa shingoni zinawasha kama upupu!

Jamani, mimi mtu wa Tanga, niko Mombasa mwaka wa tatu kwa kibali cha kazi. Kwetu Ngamiani umeme ukikatika kinyozi anashika wembe na sabuni, anamaliza kazi hata kwa kibatari. Huyu alisikia "naomba uninyoe zote, kaka", akajua huyu Mbongo, hana mdomo. Angekuwa mtu wa Kisauni pale kitini, angethubutu kumwambia kichwa ni kimoja?

Nikavuka hivyohivyo. Feri ya saa kumi na moja jioni mnaijua, huna pa kuficha hata kidole, sembuse kichwa. Kushoto nywele zimesimama kama mkonge wa kwetu, kulia kunang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Mtoto mgongoni kwa mamake akanyamaza kulia, akanitolea macho. Hata meli iliyokuwa ikiingia Kilindini nahisi ilipunguza mwendo initazame. Na kesho nikahi ya binamu yangu, mimi ndiye shahidi!

Kichwa ni kimoja. Wallahi sitasahau.

Mtu_wa_Kisauni: Usitupambe bure, sisi pia hutunyoa hivyo.

MamaKaimati: Ulilipa ama hukulipa? Anzia hapo.

Mwenye uzi: Nililipa! Kasimama mlangoni na mashine mkononi, ningepita wapi? Ati kichwa ni kimoja!

Dafu_Changa: 😂😂 Mbongo kalipa na "asante kaka" akasema. Kesho mkalishe binamu upande wa kulia, kushoto wakae wakwe.

Baharia: Wewe umenyolewa na mtu mnaelewana lugha, washukuru. Mimi niko Doha, kinyozi hajui Kiswahili wala Kiarabu changu hakijui. Nilimwonyesha kidole kimoja, mashine namba moja. Alininyoa na nyusi moja.

MamaKaimati: Nywele na nyusi huota. Fundi cherehani wa Mwembe Tayari ana kitambaa changu tangu Ramadhani, kila nikienda yuaniambia "kimebaki vifungo".

Bi_Kibokoni: Yule wa chini ya ngazi? Ana kanzu ya mume wangu!

Dafu_Changa: Kanzu ya rangi ya maziwa, shingo ya kushonwa kwa mkono? Juzi nimemwona ameivaa msikitini.

Bi_Kibokoni: Msikiti gani? Nitajie msikiti!