Riwaya ya 1984 ya Orwell, S.5 (kidato cha tano): insha zangu "zinasimulia tu"

Msomaji_Mbale: Habari zenu wakubwa. Kikundi chetu kinaongoza mjadala wa 1984 wiki ijayo. Hadithi naijua, ila kila insha inarudi na maneno hayohayo: unasimulia. Nifanyeje? Na nyongeza ya mwisho kuhusu Newspeak, lugha ya Chama kinachotawala kwenye riwaya, naweza kuiruka?

Chaki_na_Ubao: Usiiruke. Imeandikwa kwa wakati uliopita, kana kwamba lugha hiyo na Chama chenyewe vilishapita. Wapo wanaoona hapo dalili kwamba utawala ule ulianguka; wengine wanasema ni mtindo wa kitaaluma tu. Mjadala wako anzia hapo, watabishana wenyewe.

Sasa insha. Piga mistari daftari lipate safu 3: tukio na sura yake, maneno machache ya mwandishi, na kinachothibitishwa. Alama ziko safu ya tatu, na wengi ndiyo wanayoiacha tupu.

Chukua chokoleti, Sehemu ya 1. Mgao unashushwa kutoka gramu 30 kwa wiki hadi 20. Kesho yake inatangazwa kwamba watu wameandamana kumshukuru Kaka Mkubwa, kiongozi wa Chama, kwa kuupandisha hadi 20! Parsons, jirani wa mhusika mkuu Winston, anaumeza uongo huo bila kutafuna. Syme, msomi, naye anameza, ila kwa kuzungukazunguka. Anayesimulia anaishia hapo. Wewe rudi sura ya 4: Wizara ya Neema iliahidi mgao hautapunguzwa, na anayeifuta ahadi hiyo kwenye gazeti la zamani ni Winston mwenyewe, tena kazi yake anaipenda. Kwa hiyo anayeteswa na uongo ndiye fundi wake. Hoja hiyo inabeba aya nzima.

Kalamu Nyekundu: Naongeza makosa yanayojirudia kwenye karatasi za majibu.

"Winston anapigwa risasi mwishoni." Hapana. Risasi ile ni ya mawazoni. Mwili uko Mkahawa wa Chestnut Tree, mbele ya glasi ya pombe ya jini. Kilichokufa ni uasi wake.

"Kitabu cha Goldstein kinaeleza kila kitu." (Goldstein ni yule adui mkuu wa Chama.) Hapana. Winston anaandika kwenye shajara kwamba anaelewa *vipi*, haelewi *kwa nini* (Sehemu ya 1, sura ya 7). Anaacha kusoma Goldstein pale hasa jibu linapokaribia. Anayelitoa ni O'Brien, afisa wa Chama anayemtesa Winston, Sehemu ya 3, sura ya 3: Chama kinataka mamlaka kwa ajili ya mamlaka. Swali la dhamira likija, unganisha sehemu hizo tatu.

Na ishara zifuatilie hadi mwisho wake. Kioo chenye tumbawe kinanunuliwa Sehemu ya 1, sura ya 8, kinavunjwa siku ya kukamatwa. Kukitaja mara moja hakusaidii.

Msomaji_Mbale: Asanteni sana. Wenzangu watataka kuingiza enzi za Idi Amin hapa Uganda. Niwazuie?

Chaki_na_Ubao: Darasani waache dakika 5, halafu uliza: ukurasa gani unaunga mkono hilo? Kwenye mtihani sentensi moja inatosha, au usiitie kabisa. Mtahini anapima kitabu. Ukiwa na dakika 45 kwa swali, 5 ni za kupanga hoja 4. Hoja ya nne isipopata ushahidi wa sura, ifute, uzirefushe tatu.

Kalamu Nyekundu: Na muhtasari usianze nao. Mtahini kitabu amekisoma.