Miji mikubwa ya bandari na uongo wa "dakika 20 kwa miguu"

Wakuu, naandika nikiwa na malengelenge mawili kisiginoni na bega limechubuliwa na mkanda wa begi. Mtanisamehe ukali.

Kila mwongozo wa safari unasema kitu kilekile: mji wa bandari utembee kwa miguu, ufuate maji, hutapotea. Haya, jana nimeyafuata maji. Ramani ya simu ilisema kutoka kituo cha treni hadi ukingo wa bandari ni dakika 20. Nimetembea saa mbili na nusu na begi la kilo 14 mgongoni, na maji sikuyafikia.

Mji wenyewe siutaji, maana nikiutaja mtasema tatizo ni la mji ule. Hii ni mara ya nne yananikuta, kila mara nchi nyingine.

Njia ya waenda kwa miguu ilianza vizuri, pana, imetandikwa mawe, ikapita kando ya maghala ya zamani. Kisha ikaanza kusinyaa. Mara nguzo ya taa imesimikwa katikati, mara inamtosha mtu mmoja tu, mwisho ikakatika chini ya barabara ya juu. Hakuna kibao, hakuna zebra, hakuna ngazi. Mbele zege, pembeni malori ya makontena yanapita karibu mpaka upepo wake unalivuta begi. Aliyebeba begi kubwa hawezi kugeuza shingo tu. Ukisikia honi unageuka mwili mzima, na begi linaingia barabarani kabla yako. Aliyeichora njia ile aliwahi kuipita kwa miguu yake hata siku moja?

Nikarudi nyuma, nikazunguka, nikaangukia kwenye uzio wa waya. Kupitia matundu yake niliyaona maji, hatua kama hamsini, yana utando wa mafuta unaong'aa, na kamba nene ya meli imelegea juu yake. Simu inanihimiza niendelee mbele moja kwa moja. Mbele wapi? Mlinzi wa geti, mtu muungwana kabisa, akanionyesha kwa mkono: fuata ukuta. Nimeufuata ukuta ule hadi jua linazama. Hauna mlango, hauna benchi, hauna choo, na hauna kivuli cha kumtosha hata paka.

Najua uzio una sababu zake, msinifundishe. Mwaka 1956 meli ya Ideal-X iliondoka Newark kwenda Houston, huko Marekani, na makontena 58, na tangu biashara ya makontena ishike kasi, bandari zikataka viwanja vipana vya kupanga makontena, siyo gati nyembamba za katikati ya mji. Zikahamia pembeni. Halafu Julai 2004 zikaanza kutumika kanuni za kimataifa za usalama wa meli na bandari, zile za ISPS, na kila gati la meli za kimataifa likalazimika kudhibiti nani anaingia. Sawa kabisa. Kreni inaposhusha mzigo, mpita njia hana kazi pale chini.

Lakini uzio wa kule kwenye kreni hauwezi kuwa kisingizio cha gati kuukuu ambazo hazijapokea meli kwa miaka. Zile nazo zimezungushiwa waya. Na pasipo na waya pana barabara ya njia sita iliyolala kati ya mji na bahari kama mto usio na kivuko.

Na msiniambie haiwezekani. Hamburg walichimba handaki chini ya mto Elbe, likafunguliwa mwaka 1911: mita 426, unashuka kwa lifti au ngazi, unavuka chini ya maji kwa miguu bila kulipa, unaibukia upande wa pili na bandari nzima iko mbele yako. Rotterdam wana handaki la Maas, nalo chini ya mto, tangu 1942, na waenda kwa miguu wana njia yao humo. Daraja la bandari ya Sydney lilipofunguliwa mwaka 1932 lilikuwa na njia ya miguu, na mpaka leo unalivuka kwa miguu. San Francisco walikuwa na barabara ya juu iliyoukata mji na maji. Tetemeko la 1989 likaiharibu, wakaanza kuibomoa mwaka 1991, na leo watu wanatembea pale ilipokuwa. Au kila mji usubiri tetemeko?

Najua kuna watakaokuja kunijibu "chukua teksi". Nimesafiri ili nitembee. Mji wa bandari unaujua kwa harufu ya dizeli na chumvi, kwa ving'ora vya meli, kwa mteremko unaouhisi magotini. Na yule mzee wa mjini anayetaka kukaa jioni atazame meli zikiingia, yeye naye apande teksi kwenda kuyaona maji ya mji wake?

Ninachodai ni kidogo. Wenye ramani wapime njia inayopitika, siyo mstari ulionyooka. Wenye miongozo warudi kuitembea na begi mgongoni kabla ya kuchapa tena. Na wenye mji waweke kibao cha "njia imefungwa" pale kituoni, mwanzoni kabisa, siyo kutuacha tuugundue ukuta baada ya kilomita saba.

Nani kati yenu amekutana na haya? Andikeni mji na sehemu njia ilipokatikia, ili anayekuja nyuma asizunguke bure.